Kinyozi Aliyefunika Vioo

Jina la Injinia hakulipata chuoni. Alipewa na mkewe, siku alipounga kengele ya mlango ikawa inalia kila jirani anapowasha pasi, na mtaa mzima ukalipokea bila kudai vyeti. Kazi yake hasa ilikuwa kinyozi. Alikuwa na duka la viti viwili, kimoja cha kunyolea na kimoja cha watu wanaokuja kupiga soga, na vioo viwili virefu vilivyotazamana, ukuta kwa ukuta, ili mteja akione kisogo chake bila kushikiwa kioo cha mkono. Vioo hivyo ndivyo vilikuwa fahari yake. Ukikaa katikati unajiona mko foleni nzima, wote sura yako, wote mnanyolewa.

Sasa, mtu mwenye duka zuri namna hiyo angetulia akanyoa. Yeye hapana. Roho yake ilikuwa kwenye leza. Wengine hupenda mpira, wengine hupenda habari za watu. Yeye alipenda ule mwanga mwembamba usiopinda wala kutawanyika. Wateja wakikosekana alifungua simu akamtazama bwana mmoja asiyeonyesha uso, mikono tu, akifundisha namna ya kuishika diodi ya leza, kijidude cha ukubwa wa punje ya mahindi chenye miguu mitatu myembamba, ambacho ndicho kinachotoa mwanga wenyewe. Bwana yule alikuwa mwoga kupita kiasi, au ndivyo Injinia alivyomwona. Kila baada ya sentensi mbili anaonya. Usiishike hivi, usiichungulie, usiiunge umeme ukiwa hai. Injinia aliyaruka maonyo akaenda moja kwa moja kwenye sehemu inayowaka.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi vigae. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo katika mkasa huu hawana lawama yoyote. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu miaka mingi, chini ya mafundi wengine, akichanganya saruji na kusifiwa kwa jina la bosi. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa amepata kazi yake mwenyewe: korido ya zahanati mpya, ndefu, kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Korido ndefu haina huruma. Ukikosea kidogo tu mlangoni, ukifika mwisho ni aibu inayoonekana na kila mgonjwa anayepita.

Silaha yake ilikuwa pimamaji ya leza, kijisanduku kinachorusha mstari mwekundu sakafuni, ulionyooka tii. Ukiwa nacho unapanga vigae peke yako. Usipokuwa nacho unarudi kwenye uzi wa chaki, na uzi una ncha mbili, na ncha ya pili inataka mtu. Mtu huyo Mama Pacha hakuwa naye, maana msaidizi wake alikuwa ameoa akahamia ukweni.

Je, pimamaji ilianguka? Haikuanguka. Ingeanguka, ingekuwa nafuu kwa Injinia. Alichofanya ni kuutazama ule mstari jioni moja akasema umefifia kidogo, niachie mimi niusafishe, akafungua skrubu nne mbele ya mkewe kwa madaha yote ya daktari wa upasuaji. Alipozifunga, mstari haukuwepo.

"Ulikuwa unawaka," alisema Mama Pacha.

"Ulikuwa umefifia."

"Ulikuwa unawaka, Baba Pacha."

Mkewe akimwita Injinia, anamtania. Akimwita Baba Pacha, mambo yameharibika. Injinia aliuelewa mlio huo.

"Jumatatu naanza," alisema mkewe. "Nimemwambia msimamizi wa jengo nakuja peke yangu na pimamaji yangu. Kama huwezi kuitengeneza, niambie sasa hivi, nitafute mtu wa kunishikia uzi. Sitakununia. Niambie tu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angesema siwezi. Neno lenyewe fupi. Lakini kichwa cha Injinia kilikuwa kimeshavimba kwa video za yule bwana wa mikono, na kinywa kikatangulia.

"Naweza," akasema. "Tena nitakuwekea mstari mkali kuliko ule. Utauona hata jua la saa sita likiingia koridoni."

Mama Pacha akaacha mambo ya kutafuta mtu. Alimwamini. Kati ya yote yaliyofuata, hilo ndilo lililomuuma Injinia zaidi.

Shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, alikuwa fundi wa redio na televisheni, duka la tatu kutoka kwake. Injinia alimkuta ameinamia mashine, risasi ya kuungia nyaya ikitoa moshi, na akamweleza shida yake huku akiifanya ionekane kama mradi.

"Diodi kama ile ndogo ya pimamaji sina," alisema shemeji. "Niagize, ije mwisho wa wiki ijayo."

"Jumatatu, shemeji."

"Basi nilicho nacho ni hiki." Akatoa kutoka chini ya meza mashine tatu mbovu za kompyuta, zile za kuchomea diski. "Diodi ya humu ndani ni nyekundu kama ile, lakini hazifanani. Ile ilikuwa ya kupepesa: ikikumulika unapepesa jicho, yanaisha. Hii iliumbwa kuunguza. Inatoboa plastiki nyeusi. Mimi nisingeiweka."

Injinia alisikia "inatoboa plastiki nyeusi" na yaliyobaki yakampita. Na tuseme ukweli: hata shemeji angekuwa na diodi ndogo gunia zima, yeye angeomba kubwa. Mwanamume hatengenezi kitu kikawa kama kilivyokuwa.

Shemeji akampa na miwani yenye vioo vya buluu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga mwekundu, na bangili ya mpira yenye waya mrefu. "Bangili unavaa, waya unaufunga kwenye bomba, ili umeme wa mwilini mwako ushuke ardhini badala ya kushukia kwenye diodi. Miwani huvui mpaka betri itoke. Unanisikia? Macho hayana spea."

"Shemeji, mimi napitisha wembe kwenye koo za watu kila siku. Mkono huu haujui kutetemeka."

"Sijasema mkono. Nimesema macho."

Diodi ya kwanza aliiunga Alhamisi mchana, saa ambazo wateja wamelala. Bangili aliiona inafanana na ya mgonjwa wa hospitali, akaiweka droo. Alivaa koti lake jeupe la kazi, akawasha chuma cha kuchomea risasi, akaunga mguu kwa mguu kwa mkono ambao kweli haukutetemeka. Alipowasha, diodi ilitoa mwanga dhaifu, mzito, wa sigara inayokaribia kuzimika, na haikupanda zaidi ya hapo. Yule bwana wa mikono aliwahi kueleza: diodi iliyokufa haizimiki, inabaki kijitaa kisicho na nguvu. Ya pili, Ijumaa, ikafa vilevile.

Injinia alitafuta mchawi. Alianza na kiwanda, akaenda kwa umeme wa mtaa, akamalizia kwa shemeji, ambaye huenda alimpa mashine mbovu kuliko alivyosema. Mtu pekee ambaye hakumshuku alikuwa amevaa koti jeupe kiooni, mara mia, kushoto na kulia.

Jumamosi akaja mzee mmoja dereva wa lori, mteja wake wa siku nyingi. Ulikuwa msimu wa ukavu, midomo inapasuka na vumbi halitulii. Injinia alimnyoa vizuri, akamtia poda shingoni, akalivuta lile shuka la nailoni kwa mbwembwe, kama alivyozoea. Tap. Cheche ndogo ikaruka kutoka kidoleni kwake mpaka sikioni kwa mzee.

"Kijana," alisema mzee akijishika sikio, "mimi nimekuja kunyolewa, sijaja kukamatwa. Mbona unanipiga shoti?"

"Samahani mzee. Ni nailoni hii. Ikisuguana..."

Akaishia hapo. Alitazama shuka la nailoni mkononi. Alitazama koti lake jeupe la nailoni, ambalo alilifua na kulipiga pasi kila wiki kwa fahari. Alitazama kandambili zake za mpira. Alikuwa amekaa siku mbili akiua diodi kwa koti lake mwenyewe, na ile ya pimamaji pia, bila shaka, kwani aliifungua akiwa hajabadilisha nguo za kazini. Alicheka mpaka mzee akamwuliza kama yuko sawa. Muuaji alikuwa mgongoni kwake siku zote, tena amenyooshwa kola.

Ikabaki diodi moja.

Jumapili hafungui duka, kwa hiyo aliteremsha mlango wa chuma hadi nusu na akafanya kila kitu, safari hii kila kitu, kama yule bwana mwoga alivyosema. Alirudia video tangu mwanzo na hakuruka hata onyo moja. Koti la nailoni akalitundika mbali. Akabaki na fulana ya pamba, ile kuukuu yenye tundu kwapani. Akavua kandambili. Akavaa bangili na kufunga waya wake kwenye bomba la sinki, akakaa hapo kama mbuzi aliyefungwa malishoni, anaweza kufika mezani lakini si mlangoni.

Kisha vioo. Yule bwana alisema leza haichagui: ikigonga kitu kinachong'aa inarudi na nguvu zake zote, na jicho halipati muda wa kupepesa. Injinia alitazama duka lake akaona amejenga mahali pabaya kuliko pote duniani pa kuwashia leza. Akafunika vyote viwili, kwa taulo zote za duka na mashuka mawili aliyoyabeba kutoka nyumbani. Hata bomba la sinki alilivisha soksi. Akasimama katikati ya duka lake lililofunikwa, akajisifu.

Miguu ya diodi akaifunga pamoja kwa unywele mmoja wa shaba, aliouchomoa kwenye waya wa taa. Ndiyo kinga yenyewe: miguu ikigusana, umeme wa bahati mbaya unapita kwenye shaba badala ya kupita kwenye diodi. Ukimaliza kuunga, unautoa. Chuma kikapata moto, akakichomoa kwanza kwenye soketi ili kisilete umeme wa ukutani, akagusa mguu wa kwanza, akahesabu moja, akaondoa. Akasubiri upoe. Akagusa wa pili, na wa tatu vilevile. Risasi ikakaa iking'aa, tone safi. Saketi ya kulisha umeme, ndani ya pimamaji, ina kapasita, kijidude kinachobaki na umeme hata betri ikitoka, basi alikuwa ameigusisha miguu yake na bisibisi kabla ya kuunga chochote, ikatoa kicheche na kutulia. Akaelekeza tundu la pimamaji kwenye tofali lililofubaa. Akavaa miwani ya buluu. Akaweka betri.

Hakuna kitu.

Hata ule mwanga wa sigara haukuwepo. Injinia akakaa. Akainua mkono kuigeuza pimamaji achungulie tunduni, kwa sababu ndivyo mkono wa binadamu ulivyo, kitu kisipowaka unakichungulia. Akajikumbuka, akaurudisha mkono pajani. Alitaka kulia na hakuona sababu ya kujizuia, kwa hiyo alilia kidogo, na miwani ikajaa mvuke.

Alivyokuwa ameshakata tamaa akafanya mambo kwa mazoea, na mazoea ya kinyozi ni kupanga duka. Akavua miwani. Akavua bangili. Akavuta taulo na mashuka, vioo vikarudi kumtazama. Betri hakuitoa, kwani maiti ya nini kuizima. Akasikia mlango wa chuma ukiinuliwa na sauti ya mkewe ikibisha hodi, akalitwaa haraka lile koti la nailoni akalivaa, maana habari mbaya haitolewi na mtu mwenye tundu kwapani.

Mama Pacha aliingia na kopo la maji na zile pedi zake za magoti, ameshazifua tayari kwa kesho.

"Imewaka?"

"Imekufa," alisema Injinia. "Ilikuwa ya mwisho. Nimefanya kila kitu, mama, safari hii kila kitu. Nisamehe. Ningekuambia siwezi tangu siku ile, ungeshapata mtu."

Mama Pacha hakufoka. Angefoka ingekuwa rahisi. Alivuta kiti cha wapiga soga akakaa ng'ambo ya meza, akaweka pedi mapajani, akaitazama pimamaji iliyolala wazi kati yao, mgongo kwa mume na tundu upande wake.

"Labda waya umeachia," akasema taratibu. "Hebu angalia tena."

Injinia aliinama nyuma ya kijisanduku, si kwa matumaini, kwa kumridhisha tu. Akaikagua miguu ya diodi. Risasi ilikuwa safi. Viungo vilikuwa imara. Na kati ya mguu na mguu, ukiwa umejizungusha kimya, ulikuwepo ule unywele wa shaba.

Yeye, kinyozi. Mtu anayeweza kuuona unywele mmoja uliobaki nyuma ya sikio la mteja akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameisahau kinga. Diodi haikufa, ilikuwa imelindwa hadi sasa, umeme wote ukipita kwenye shaba na kuiacha yenyewe imelala.

"Mama Pacha," akasema, na sauti ikapanda, "tulia hapohapo. Sasa utaona kazi."

Akatwaa kibano, kile cha kutolea vinyweleo vilivyoingia kidevuni. Mkono haukutetemeka. Akaushika unywele wa shaba, akaanza kuuvuta polepole, na alipohisi unaachia akainua macho. Hakuinua kwa tahadhari. Tusimpambe. Aliinua kwa sababu alitaka kuiona sura ya mkewe mwanga utakapotoka, ili aikumbuke na kuisimulia dukani mwaka mzima.

Sura hakuiona. Aliona utosi umeinama na kitambaa cha kichwani. Mama Pacha alikuwa ameinama mpaka mezani, amefumba jicho moja, na lile lingine amelipeleka moja kwa moja kwenye tundu, achungulie kuna nini humo ndani.

Mkono wa kushoto wa Injinia uliruka wenyewe. Ulitua kati ya jicho na tundu, kiganja kikaziba, na wakati huohuo unywele wa shaba ukatoka. Kiganja kizima kikawaka. Mwanga mwekundu ukatoka kati ya vidole, ukapita hata ndani ya nyama, mpaka Mama Pacha akaona vivuli vya mishipa ya mumewe. Na pale katikati Injinia akahisi moto wa kichwa cha kiberiti. Akaikumbatia pimamaji kifuani ili tundu lisitazame kioo chochote, koti la nailoni likasuguana na mkono wa koti, na kwenye vidole vyake akasikia kile kisauti alichokijua. Tap.

Mwanga ukanywea. Ukabaki ule wa sigara.

Injinia alichomoa betri. Kisha akakaa sakafuni, palepale kwenye nywele za wateja wa jana ambazo hakuwa amezifagia.

"Kumbe ilikuwa nzima," alisema Mama Pacha.

"Ilikuwa."

"Sasa umeirukia nini? Umeiua mwenyewe."

"Ulikuwa umeweka jicho." Akalionyesha tundu kwa kidole. "Ingekupofua. Si kuumia, si kuwashwa. Kupofua, na usingejua hata kilichokupata. Nimeogopa, mke wangu. Sijawahi kuogopa hivi."

Mama Pacha alijishika jicho, akalishika kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Halafu akatazama duka. Akaona mashuka yake ya nyumbani yamerundikana chini, taulo zimetapakaa, bomba la sinki limevaa soksi.

"Hizi soksi ni za nini?"

"Nilikuwa nimefunika vinavyong'aa. Na vioo vyote. Mwanga ukigonga kioo unarudi na nguvu zake zote, unamwingia mtu machoni. Nilikuwa mwangalifu sana leo, nakuambia."

"Vioo vyote."

"Vyote viwili."

Mama Pacha akazishika zile pedi za magoti.

"Baba Pacha," akasema, "vigae vyangu vya zahanati umeviona?"

Alikuwa ameviona. Alisaidia kuvipakua. Vyeupe, vya kung'aa, ukiinama juu yake unaziona hata nywele za puani. Korido nzima ya vile, na mkewe amepiga magoti katikati yake kutwa, uso karibu na sakafu, na mwanga unaotoboa plastiki nyeusi ukipita mbele ya macho yake, ukigonga kigae, ukirudi.

Alikuwa amefunika vioo vya duka lake kwa mashuka ya mkewe, kisha akajiandaa kumtuma mkewe kwenye kioo kirefu kuliko vyote, na kumpa kile kitu aende nacho mkononi. Leo ilikuwa ajali. Lakini kama unywele wa shaba angeuona mapema, kama kila kitu kingekwenda alivyotaka, kesho isingekuwa ajali. Ingekuwa zawadi yake. Injinia aliufikiria mstari ule mkali aliojigamba nao, akatamani mtu amcheke, na hakukuwa na mtu wa kumcheka.

"Ungeniambia ilivyo kali," alisema Mama Pacha, "ningekuambia sitaki."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mama Pacha akamtazama pale chini, koti jeupe limejaa nywele za watu, kiganja kina kidoa chekundu katikati. Akachukua kopo la maji, akamnawisha kile kiganja, bila kusema pole.

Jumatatu wateja walikuta kufuli. Yule mzee dereva wa lori alisikika akisema labda kinyozi amekamatwa kweli kwa mambo yake ya shoti.

Kinyozi alikuwa amepiga magoti mwisho wa korido ya zahanati, amevaa pedi za magoti za akiba, ameshika ncha ya pili ya uzi wa chaki. Alikuwa na fulana ya pamba, ingawa uzi haujali mtu amevaa nini. Diodi ndogo, ile ya kupepesa, shemeji alikuwa ameshaiagiza, na walikubaliana ataiunga shemeji mwenyewe huku Injinia akitazama kwa mbali.

Msimamizi wa jengo alipita, akasimama. "Si ulisema unakuja peke yako na mashine? Huyu ni nani?"

"Msaidizi wangu," alisema Mama Pacha.

"Ana uzoefu?"

"Hana. Ila mkono wake hautetemeki."

Msimamizi akaguna akaenda zake. Injinia alilisikia lile neno likija koridoni, akaukaza uzi, akashusha pumzi.

Mama Pacha alilala kifudifudi mlangoni mpaka shavu likakaribia sakafu. Akafumba jicho la kushoto, akautazama uzi kwa jicho la kulia, lile alilolipeleka tunduni. Kutoka mwisho wa korido Injinia aliliona vizuri. Lilikuwa zima, limelowa kidogo kwa vumbi la saruji, linafuata uzi taratibu, hatua kwa hatua, na uzi ulipoishia likamfikia yeye, likatulia hapo.

"Baba Pacha," mkewe akaita. "Uzi unatikisika."

"Ni vumbi," akasema.

"Vumbi linaingia machoni, haliingii mkononi."

Alijaribu kuukaza. Haukukazika. Alishika kiwiko kwa mkono wa pili, ule wenye kidoa, akabana, na bado uzi ukatetemeka urefu wote wa korido mpaka kwa mkewe, ambaye aliendelea kutazama kwa lile jicho moja, bila haraka.

"Haya," akasema Mama Pacha. "Nakusubiri. Ukitulia, sogea kushoto kidogo."